Ziara ya Saanane iliyonifundisha kuhesabu mwezi

Mimi ni mtu wa Njombe. Kabla sijapangiwa kazi Ilemela mwaka 2014, maji mengi niliyowahi kuyaona mahali pamoja yalikuwa bwawa la kijijini kwetu, na hilo wakati wa kiangazi unalivuka kwa miguu bila kukunja suruali. Nilipofika Mwanza nikaandika kwenye andalio langu la Jiografia kwamba Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, linapakana na nchi tatu na mahali penye kina kirefu hufika mita 80 na kitu. Nikaona nimeshalijua ziwa.

Mwaka wa pili mkuu wa shule alinikabidhi klabu. Kwenye shule ya kata, ukiwa mwalimu kijana, huna mke, na unaishi jirani, klabu zote ni zako. Malihai yako, mdahalo wako, klabu ya afya yako, na siku ya mahafali unasimamia pia maturubai na viti vya kukodi. Mimi niliipenda Malihai. Klabu hizi zipo nchini tangu mwaka 1980, lengo lake watoto wapende wanyama na mazingira. Kwetu ilikuwa imebaki jina na kazi ya kumwagilia miti mitatu mbele ya ofisi ya mkuu. Nikasema safari hii tunakwenda Saanane.

Kwa asiyeijua Mwanza, Saanane ni kisiwa kilicho karibu kabisa na mjini, mwendo wa dakika chache kwa boti ukitokea upande wa Capri Point. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikatangazwa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Jina lake ni la mzee aliyekuwa akiishi pale kabla serikali haijakichukua, Mzee Saanane Chawandi. Watoto wa Mwanza hawajali historia hiyo. Wao utani wao ni mmoja tu, umerithiwa kidato hadi kidato: "Tunafika Saanane saa ngapi?" "Saa nane." Na kila mwaka wanacheka kana kwamba umetungwa jana.

Basi nikapiga hesabu. Kosta, boti, viingilio, wali na maharage vya kufunga: Sh 9,000 kwa kichwa. Hiyo ilikuwa 2017, elimu bila ada ina mwaka mmoja na kitu tangu ianze Januari 2016, na neno "mchango" likitamkwa ofisini watu walikuwa wanafunga mlango kwanza. Mkuu akanikalisha chini: "Mwalimu, usimlazimishe mtu. Anayetaka alipe, asiyetaka abaki. Na orodha uifunge mapema, sitaki fujo getini." Nikaona ni maneno ya haki kabisa. Nikatangaza paredi Jumatatu, nikarudia Jumanne, Jumatano saa nane mchana nikafunga orodha. Wanafunzi 31.

Barua za ruhusa ndizo zilizonitoa jasho. Bibi mmoja alikuja mwenyewe shuleni, na barua ameikunja mara nne mkononi. Hakuwa na neno na fedha, alikuwa nazo. "Mwalimu, ziwa lilishakula wa kwangu," akasema. Alikuwa anazungumzia MV Bukoba, Mei 21, 1996, meli iliyozama ikiwa imebakiza safari kidogo tu kufika Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Mimi mwaka huo nilikuwa darasa la kwanza kule Njombe, nililisikia redioni kama jambo la mbali. Nikaanza kumweleza habari za jaketi okozi na uzoefu wa nahodha, naye akanitazama mpaka nikamaliza, akasema "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, akaondoka na barua yake. Mjukuu wake hakwenda. Sikumbembeleza tena, na hilo silijutii.

Linaloniuma ni la Ijumaa asubuhi.

Kosta imeshawashwa, kondakta anagonga bati, mimi niko mlangoni na karatasi yangu naita majina. Akaja kijana mmoja wa kidato cha pili, mtu wa Igombe, anakimbia kutokea barabarani. Wenzake walimwita Ngosha, na wasukuma mnajua nusu ya wavulana wa shule huitwa hivyo, kwa hiyo siwezi kuwa nimemtaja mtu. Sare ilikuwa ya shule lakini miguu ilikuwa ya mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, mchanga hadi kwenye mashavu ya miguu. Akanyoosha mkono. Noti mbili za elfu tano, zimelowa, na kwenye moja kuna magamba ya dagaa yamegandia juu ya picha.

"Shikamoo mwalimu. Chenji utanipa hata wiki ijayo."

Nikamwambia orodha ilifungwa Jumatano. Akasema Jumatano hakuwepo. Nikamwambia hilo ndilo tatizo lake, kwamba huwa hayupo. Nafasi kwenye kosta ilikuwepo, tusidanganyane. Kosta ya Mwanza haijawahi kujaa tangu iundwe. Lakini nilikuwa na karatasi, na mtu mwenye karatasi mkononi huwa mpumbavu kwa namna yake. Tukaondoka. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni anazikunja zile noti anazirudisha mfukoni, taratibu, kama mtu anayekunja shuka.

Ziara yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Tuliona pimbi wamejianika juu ya miamba, tukaona swala, tukaona kenge mmoja aliyewafanya wasichana watano wapande jiwe moja. Kilichonishangaza ni kwenye boti. Watoto wanaoishi milimani kule, wanaoamka kila siku ziwa likiwa chini ya madirisha yao, zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupanda chombo chochote cha majini. Walikaa kimya wameshikana mikono. Na mwalimu wao, mwenye takwimu zote, jaketi okozi amelifunga hadi linamnyima pumzi.

Ngosha sikumfikiria tena mpaka mwezi wa sita, tulipokuwa tunajumlisha mahudhurio ya muhula. Daftari lake lilikuwa na mabaka. Wiki nzima yupo, siku tatu nyingine yupo, kisha sifuri, sifuri, sifuri karibu wiki mbili, kisha anarudi. Mwalimu wa nidhamu alishampa adhabu mara mbili. Aliyenifumbua macho alikuwa mwenzangu wa somo la Baiolojia, Mwislamu mwenye msimamo, ambaye kila mwezi hufunga zile siku tatu za katikati, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo, wanazoziita siku nyeupe. Aliinama juu ya daftari, akaweka kidole, akahesabu kimoyomoyo.

"Huyu kijana," akasema, "mimi nikifunga, yeye yupo."

Tukachukua madaftari ya vidato vingine. Wavulana 11 na wasichana 6, wote wa Igombe na Kayenze, wote wana mabaka yanayofanana. Ukilitazama daftari moja unaona mtoro. Ukiyapanga 17 pamoja unaona mwezi.

Mtu wa ziwani atanicheka hapa, maana kwake hilo ni jambo la kawaida kama kujua kesho ni Jumamosi. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi wanatoka jioni, wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, dagaa wanaifuata ile nuru, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, dagaa wametawanyika ziwa zima. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi inapandishwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, hesabu zinapigwa na watu wanalipwa. Giza likirudi, kijiji kizima kinarudi kazini. Wavulana wengine huingia ziwani, jambo ambalo mtoto wa shule hapaswi kulifanya, na nilimwambia Ngosha na tajiri wake vilevile. Ila wengi hubeba ndoo alfajiri na kuanika, na wasichana ndio hugeuza dagaa mchangani mpaka jua lipande. Mtoto anayemaliza kugeuza dagaa saa tatu asubuhi haji shule saa nne kwenda kupigwa kwa kuchelewa. Anaona heri alale.

Na mimi paredi yangu, orodha yangu na ziara yangu yote niliiweka katikati ya giza.

Sikuwa na uwezo wa kubadilisha ratiba ya masomo, hiyo ni ya serikali. Lakini mambo ya ziada yalikuwa yangu. Yule mwenzangu akanichorea kwenye kalenda ya ukutani siku nyeupe za kila mwezi kwa kalamu ya kijani, na kuanzia muhula ule kila kitu nilichokisimamia nikakipeleka kwenye kijani: mdahalo, mashindano ya riadha ya madarasa, maonesho ya sayansi, hata siku ya kuwakaribisha kidato cha kwanza. Mkuu aliuliza kwa nini ratiba inarukaruka. Nilipomweleza alicheka sana, kisha akanyamaza, akasema yeye mwenyewe amezaliwa Ukerewe na hajawahi kulifikiria hilo tangu avae viatu vya ofisini.

Mahudhurio ya jumla hayakupanda kwa namna ya kutangaza. Kilichobadilika ni nani anazungumza.

Mdahalo wetu ulikuwa wa Kiingereza, kwa kuwa sekondari inafundisha kwa Kiingereza, na ukweli ni kwamba ulikuwa msiba. Wanafunzi sita walewale, watoto wa walimu na wa mfanyabiashara mmoja, wanakariri kurasa mbili. Wengine 200 wanangoja kengele. Nikaomba tupokezane, mwezi mmoja Kiingereza, mwezi mmoja Kiswahili. Mwalimu wa taaluma aligoma wiki mbili. Alikuwa na hoja, maana mtihani hauna huruma na lugha, nami nilikubali tusiuache ule wa Kiingereza. Mada ya kwanza ya Kiswahili ikawa: sangara ameleta faida kuliko hasara.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Walikuwa wamejifunza Bunge kwenye televisheni, wanasimama kwa "taarifa" na "mwongozo", wanapiga meza. Kijana wa upande wa upinzani alifungua vizuri sana. Akasema sangara hakuwa wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akawala furu hadi aina mamia zikatoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tukabaki na mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Makofi yakapigwa. Akasimama msichana wa Igombe, mmoja wa wale sita wenye mabaka kwenye daftari, ambaye sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia kwa mwaka mzima na nusu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mzungumzaji aliyepita anasema tumeachiwa mifupa. Mifupa hiyo mama yangu anaikaanga. Sketi hii niliyovaa imetoka kwenye mifupa hiyo, na daftari ninaloandikia. Naomba afute kauli."

Ukumbi ulilipuka. Kaka mkuu, aliyekuwa mwenyekiti, hakujua afanye nini, akanitazama mimi, nami nilikuwa nimeshasimama napiga makofi kinyume na kanuni zangu mwenyewe. Yule kijana hakufuta kauli. Wakabishana nusu saa zaidi, na ndani ya nusu saa hiyo nilisikia habari za bei ya panki, za mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, yanavyouzwa bei kuliko samaki mwenyewe, za sangara wachanga wanaovuliwa kwa kokoro, wavu wa kuburuta, na kuuzwa kichinichini. Kitabu changu cha Jiografia kilikuwa na aya moja tu kuhusu uvuvi wa Ziwa Victoria, na aya yenyewe ilikuwa ya zamani.

Mahafali ya mwaka ule nitayapita haraka. Mgeni rasmi alifika saa tisa kwa shughuli ya saa nne, watoto wamecheza bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya majembe, juani mpaka majembe yakapata joto, risala ikasomwa yenye mapungufu 14, mifuko ya saruji ikaahidiwa. Mnaijua hiyo.

Mwaka uliofuata nilitaka kurudi Saanane, na safari hii nilimwita Ngosha mapema, siku ya kijani, nikamwambia nafasi yake ipo na hana haja ya kulipa. Nilijiona mwungwana sana. Akainamisha kichwa akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Saanane mimi nimeshaipita na mtumbwi mara nyingi, mwalimu. Wale pimbi nawaona."

"Sasa mwaka jana ulikuja unakimbia kwa nini?"

"Nilitaka kupanda kosta na wenzangu."

Nilikaa na jibu hilo siku kadhaa. Kisha nikaitisha kikao cha klabu, nikawauliza wao wanataka kwenda wapi, swali ambalo kwa miaka mitatu ya ulezi sikuwa nimeliuliza. Wa milimani wakasema Igombe, wakaone dagaa wanavyotoka. Wa Igombe wakacheka, hawakuamini mtu anaweza kukodi gari kwenda kuona ndoo. Tukapatana. Hakuna boti, hakuna kiingilio, kosta moja tu, na fedha yake tuliipata kwa kuuza miche ya miti na kwa walimu wanne kuchangishana. Hakuna mwanafunzi aliyetoa hata shilingi, kwa hiyo hapakuwa na orodha ya kufunga. Walikuwa 47 kwenye kosta, na hilo usimwambie trafiki. Ngosha hakutungoja kwao. Alidamka Igombe akapanda daladala kuja shuleni mjini, ili apande kosta kurudi Igombe. Alikaa kiti cha mbele.

Tulipofika ndipo nilipoona mwalimu ni nani. Aliwasimamisha wenzake juu, mbali na maji, akawakataza kuingiza miguu, "kichocho, jamani, sio mnasoma tu", kisha akawapeleka kwenye mtumbwi uliopandishwa. Akachukua kiganja cha dagaa wa juzi waliobaki kwenye chanja na kiganja cha wengine walioanikwa mchangani. Akavunja mmoja wa chanja, ukasikika mlio mkavu. Akavunja wa mchangani, akampa yule msichana wa mdahalo autie mdomoni. Akatafuna, akatema. Mchanga. "Huyu anakwenda kwenye chakula cha kuku," Ngosha akasema, "na huyu wa chanja analiwa na watu. Samaki ni yuleyule, ziwa lilelile. Bei si moja." Mtoto mmoja wa mwalimu akauliza kwa nini basi wote wasitumie chanja. Ngosha akasema nyavu za kutandika na miti ni fedha, na mchanga ni bure. Watoto wakaandika. Na mimi nikaandika.

Wakati wa kurudi nikatoa daftari la mahudhurio, kazi ya mlezi haina likizo, nikaita majina nikiwa nimesimama palepale kati ya chanja. Nilipofika lake akaitika, kisha akauliza kama mzaha lakini si mzaha: "Mwalimu, leo ukiniona mwaloni unaniwekea nipo?"

Mtihani wa kidato cha nne alipata daraja la nne. Nalisema kwa kuwa wasomaji wa habari kama hizi hupenda kusikia kijana amekuwa daktari. Anatengeneza injini za mitumbwi hukohuko Igombe, na kwa taarifa nilizonazo hata wamiliki wakubwa wanamngoja yeye. Msichana wa mapanki yupo chuo cha ualimu.

Mimi bado nipo na klabu, ingawa nimeoa na nilidhani zingehamia kwa vijana. Kalenda yangu ya kijani siichori tena kwa kumtegemea mwenzangu, alihamishwa. Kila mwezi huingia ujumbe kwenye simu, mara nyingi alfajiri, hauna salamu wala jina. Wa mwezi huu ulisema: "Mwalimu giza linaanza Jumanne. Michezo weka kabla."